Usiku wa Kuamkia Ijumaa

Kwa miaka kumi na saba mama yangu mzazi hakuniita jina langu hata siku moja. Aliniita Bibi. "Bibi, chukua ndoo." "Bibi, nitazamie mchuzi usiungue." Wageni walidhani ananibembeleza. Kumbe nilipewa jina la mama mkwe wake, bibi mzaa baba, na katika nyumba yetu mwanamke hakutamka jina la mkwewe, hata likiwa limebebwa na mtoto anayetambaa. Jina hilo ni Mwajuma.

Bibi naye hakuniita hivyo. Aliniita Somo, na mimi nikamwita Somo, kama wanavyoitana watu wa jina moja huku pwani. Kwa hiyo nyumba yetu ya Ngamiani, Tanga, ilikuwa na Mwajuma wawili, na bado jina lenyewe lilisikika kwa nadra: baba akirudi kazini, au majirani wakigonga mlango.

Maana yake nilielezwa nikiwa na miaka minane au tisa, bibi akisuka ukili barazani. "Ni Mwana Juma," alisema. "Watu wana haraka, wameimeza ile na." Nilipokua nikakuta kwamba Mombasa na Lamu wapo wasioimeza, nao husema Mwanajuma kwa ukamilifu. Hiyo mwana ya mwanzo nilidhani ni mtoto tu, mtoto wa Ijumaa. Bibi alikataa. Mwana, kwa Waswahili wa zamani, ni heshima ya mwanamke, kama vile mwinyi ilivyokuwa heshima ya mwanamume. Ndivyo alivyoitwa Mwana Kupona binti Msham, aliyemtungia bintiye utendi mwaka 1858, na ndivyo alivyoitwa Mwana Khadija aliyetawala Pate. Na anayepita Mwananyamala, Dar es Salaam, akaona uwanja wa mpira wa Mwinyijuma, ajue kwamba Mwinyijuma na Mwajuma ni majina ndugu.

Nusu ya pili ni siku yenyewe. Ijumaa imetoka katika neno la Kiarabu la kukusanyika, na mzizi huo huo umetupa jamaa, jamii, jumuiya, na msikiti wa Jamia. Kila nikilifikiria hilo moyo hunifunguka. Mtoto anaitwa kwa siku ambayo watu wanaacha kazi zao wakakae pamoja, na kabla ya siku hiyo anatangulizwa neno la heshima. Sidhani kama wazee wangeweza kumpa msichana kitu kikubwa zaidi kwa silabi tatu nne.

Mashoga wa bibi walikuwa kalenda iliyo hai. Walipokusanyika kwa hitima au maulidi, barazani palikaa Mwanahamisi wa Alhamisi, Mwanaidi wa sikukuu, Mwaka aliyezaliwa watu wakisherehekea mwaka mpya, na Mosi, Pili na Tatu waliofuatana kwa kuzaliwa. Wanaume walikuwa Rajabu, Shabani, Ramadhani. Wengi wao hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, na mwaka waliukisia kwa vita au njaa. Lakini siku waliijua, kwa kuwa waliitwa kwayo kila asubuhi.

Tena jina halikuwa jambo la mchezo. Mwimbaji mkubwa wa taarab wa Unguja, Siti binti Saad, utotoni aliitwa Mtumwa. Siti, yaani bibi mwenye heshima, alilipata ukubwani, sauti yake ilipomtoa kijijini Fumba. Aliyeandika wasifu wake ni Shaaban Robert, mtu wa Tanga, naye mwenyewe jina lake ni la mwezi unaotangulia Ramadhani. Nilipokisoma kitabu hicho ndipo nilipoelewa kwa nini bibi alikuwa mkali kuhusu ile mwana. Aliyezaliwa katika nchi ambayo bado ilikuwa na watu walioitwa Mtumwa hawezi kuichukulia heshima kama pambo.

Mwaka 1987 nilipoanza darasa la kwanza tulikuwa Mwajuma watatu katika chumba kimoja. Mwalimu alitutenganisha kwa majina ya baba zetu, na hakuna aliyeona ajabu. Jina hilo lilikuwa limekwisha kwenda mbali kuliko sisi. Liliondoka pwani pamoja na misafara na walimu wa madrasa, likapita Tabora, likafika Ujiji, likavuka Ziwa Tanganyika mpaka Kasongo. Miaka mingi baadaye nilifikia kwa wenyeji Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, na binti aliyeniletea maji ya kunawa alikuwa Mwajuma. Hatukuwa na undugu wowote. Nilimwita Somo pale pale, akaelewa.

Sasa nifike mahali panaponiuma. Nilipokwenda sekondari ya bweni Dar es Salaam, mwaka 1994, mwalimu alisoma majina siku ya kwanza, na alipolifikia langu darasa likacheka. Sikujua kwa nini. Mwenzangu wa kitanda cha juu ndiye aliyenieleza usiku ule: mjini hapa Mwajuma ni mwanamke wa uswahilini, wa khanga kiunoni na mdomo mrefu bombani. Alikuwa hata na ubini wake, Mwajuma Ndalandefu, mtu asiyekuwepo ambaye kila mtu alimjua. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Kufikia muhula wa pili nilikuwa nimekwisha kujiita Jamila.

Nimesikia wanaosema majina haya yaliachwa kwa sababu ya dini, kwamba watu walisoma wakatambua kuwa jina zuri ni haki ya mtoto, wakachagua Rahma, Nasra, Sumaiya. Ni majina mazuri, wala sina neno nayo; wapwa zangu wanayo. Ila siamini kwamba dini ndiyo iliyomwondoa Mwajuma. Sura ya 62 ya Qurani inaitwa kwa siku hiyo hiyo. Kilichomwondoa ni kile kicheko cha darasani. Watu wa mitaa yetu walipoanza kuonea haya mitaa yao, majina yaliyonukia mitaa hiyo ndiyo yaliyokuwa ya kwanza kutupwa, na Kiarabu kikawa mlango wa kutokea kama vile Kizungu kilivyokuwa kwa wengine. Mwana, neno la Kiswahili lililobeba heshima ya malkia, likaonekana ni la ushamba.

Bibi alifariki mwaka 1996, nikiwa kidato cha tatu. Nilifika Tanga kwa basi, maziko yamekwisha. Nyumba ilijaa wanawake, mikeka imetandikwa mpaka uani. Mama alikuwa jikoni anapakua uji wa waliokesha. Alinitazama kitambo, kisha akasema taratibu, kama mtu anayejaribu ngazi kwa mguu, "Mwajuma. Lete bakuli hizo." Mkwewe alikuwa ameondoka, na mwiko uliondoka naye. Nilichukua bakuli. Sikuweza kujibu, kwa sababu ilinijia kwamba mama ameingoja ruhusa ya kulitamka jina hilo tangu nizaliwe, nami nimelificha shuleni chini ya Jamila. Niliporudi bweni sikuitikia Jamila tena.

Miaka michache iliyopita binti yangu aliandika tarehe yangu ya kuzaliwa kwenye simu, 14 Juni 1979, akaja mbio. "Mama, ilikuwa Alhamisi! Wewe ni Mwanahamisi." Nilitazama mwenyewe, na ni kweli, kalenda ilisema Alhamisi. Nilifadhaika kuliko nilivyotarajia. Nikampigia mama Tanga.

"Nani kasema Alhamisi?" aliuliza. "Mimi niliingia hospitali ya Bombo alasiri ya Alhamisi. Wewe umetoka saa mbili usiku. Isha imekwisha kuadhiniwa. Hiyo Alhamisi ingali inafanya nini hapo?"

Nilikuwa nimesahau jambo ambalo nalitumia kila siku. Saa zetu zinaanza upya jua likizama, ndiyo maana mzungu akisema saa nane za jioni sisi tunasema saa mbili usiku. Na siku ya wazee nayo iligeuka papo hapo magharibi. Usiku unaofuata Alhamisi ni wa Ijumaa, ndio watu wanausomea Yasini, na mtoto anayezaliwa humo ni wa Ijumaa. Serikali iliniandika kwa siku inayogeuka usiku wa manane. Bibi aliniandika kwa jua. Nilimweleza binti yangu yote haya mezani, naye akauliza kwa nini basi wiki yetu ina tano mbili, Jumatano na Alhamisi. Nikamwonyesha kwa vidole: ya kwanza tumeihesabu wenyewe kuanzia Jumamosi, ya pili wameihesabu Waarabu kuanzia Jumapili, na Waswahili wakaziweka zote mbili zikae jirani. Alihesabu mara mbili, akaridhika.

Mwaka jana mpwa wangu alipata mtoto wa kike, Ijumaa. Alinipigia kwa furaha kwamba amempa jina la kunienzi: Jumana. Jumana ni neno la Kiarabu, maana yake lulu, na halina uhusiano na siku yoyote. Sikumwambia. Alikuwa ametafuta kitu kinachofanana nami ambacho mtoto hatachekewa nacho, nami najua huko kuchekewa kukoje.

Arobaini ilipotimia tulimpeleka mtoto Tanga. Mama sasa haoni vizuri. Alimpokea, akampapasa uso kwa kiganja, akauliza jina. Mpwa wangu akalitaja. Mama akanyamaza kidogo.

"Kazaliwa lini?"

"Ijumaa, Bibi."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi na moja jioni."

"Jua lilikuwa halijazama?"

"Halijazama."

Akamgeuza mtoto amwelekee, akamwita Mwajuma, kwa sauti kubwa, mara tatu.