Mwezi Ukijaa, Tunafungua Mlango

Mwezi ukijaa, mvuvi wa ndagala hana kazi. Taa zake huvuta samaki penye giza. Mbalamwezi ikishamwagika ziwani, ndagala hutawanyika na mitumbwi hubaki ufukweni. Sinema yetu ya mtaa wa Swahili, hapa Rumonge, Burundi, ilitegemea usiku wa namna hiyo. Baba alipoianzisha, kwa televisheni moja na deki ya kanda, ratiba yake aliisoma angani.

Mwaka 2024 ziwa lilipanda likaingia mitaani. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga kule Kalemie, ndiyo maana likijaa halina haraka ya kushuka. Wazee walikuwa wakisimulia kujaa kwake kwa miaka ya 1960, nasi tuliwasikiliza kama watu wa hadithi. Safari hii maji yalifika magotini mwangu ndani ya ukumbi, yakakaa wiki nyingi. Mabenchi yalielea hadi mlangoni.

Kiangazi kilipoyarudisha maji nyuma, nilikimbilia saruji. Nilipiga lipu mpya juu ya ukuta mbichi, nikapaka na rangi. Mwezi haukuisha, rangi ikavimba kama ngozi iliyoungua, chini yake chumvi nyeupe. Fundi mmoja mzee alikuja, akabandika kiganja ukutani, akakitazama. "Mwanangu, huu bado unatoa jasho. Ubandue, uuache upumue." Nilibandua lipu yote hadi kifuani, tukaacha milango wazi mchana kutwa, miezi mitano. Sijawahi kufanya kazi ngumu kuliko kule kungoja.

Mengine yalikwenda upesi. Soketi tulizipandisha juu ya bega, betri za sola tukaziwekea rafu karibu na dari, maana umeme wa kutegemea hatuna. Mvua ikipiga bati humeza maneno yote ya filamu, basi tulitandaza mikeka chini ya paa. Mabenchi ni ya mikaratusi. Ukuta wa mbele tuliusugua hadi ukawa laini kama sahani, tukaupaka chokaa: hiyo ndiyo skrini.

Vijana walinishauri niweke filamu zilizokwisha kutafsiriwa, zile zenye sauti ya msimulizi ndani. Nilikataa, na ningekataa tena. Filamu hizo kila mtu anazo kwenye simu. Nilimtafuta mtu wa kusimama pembeni ya skrini na maikrofoni, atafsiri papo hapo, nikampata mama anayeuza ndagala sokoni. Anayemjua atakuambia sauti yake inavuka soko zima bila kipaza. Tulifungua mwaka 2025 kwa Gito l'ingrat ya Léonce Ngabo, ya mwaka 1992, filamu ndefu ya kwanza ya Burundi. Gito anarudi kutoka Paris na shahada yake, akingoja cheo kikubwa serikalini. Mama huyo hakufasiri neno kwa neno. Gito aliposhuka na suti yake, alimkaribisha kwa Kiswahili cha huku kwetu, kama shangazi anayempokea mtoto wa kaka yake na kumkagua viatu. Wanawake wawili wa Gito walipokubaliana kumtia adabu, mama alinyamaza kabisa, akaliacha jumba zima lipige kelele.

Alama ya maji tuliiacha bila rangi, mstari wa kahawia unaozunguka kuta zote nne. Mvuvi mmoja, aliyekuwa akiingia hapa tangu enzi za kanda, aliufuata kwa kidole kutoka mlangoni mpaka kwenye benchi lake la zamani, kisha akaketi na kuvua kofia.

Usiku wa sita baada ya mwezi kujaa, taa zilianza tena kuwaka ziwani, moja moja. Ukumbini walibaki kina mama na watoto wachache, na mtafsiri wetu akaweka maikrofoni chini, akaendelea kwa sauti yake tu.