Ndoa kama Riziki: Kumsoma Cicely Hamilton

Swala linalonishughulisha hapa latokana na neno moja. Mwaka 1909, katika enzi ya Mfalme Edward wa Saba wa Uingereza, Cicely Hamilton, mwigizaji na mwandishi ambaye mwenyewe hakuolewa, alichapisha kitabu kiitwacho Marriage as a Trade. Tunapokijadili kwa Kiswahili, wanafunzi wangu hulifasiri neno la mwisho kuwa “biashara”. Mimi hupendelea “kazi ya kujipatia riziki”. Tofauti hii si ndogo. Katika biashara, mwanamke aweza kusawiriwa kama bidhaa tu. Katika kazi, yeye ni mtenda anayetafuta chakula chake. Hoja ya Hamilton ni kwamba jamii iliwafungia wanawake njia nyingine za uchumi, kisha ikadai kuwa wanaikimbilia ndoa kwa maumbile yao. Lugha yetu nayo humweka mwanamke katika kauli ya kutendwa: mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Fasiri yangu yakusudia kumrejeshea utendaji.

Hata hivyo, tamthilia yake Diana of Dobson's, iliyoigizwa London mwaka 1908, inaitia fasiri hiyo majaribuni. Diana, mwuzaji wa duka anayelala katika bweni la mwajiri wake, anarithi pauni 300 na kuzitumia kwa mwezi mmoja, akijifanya mjane tajiri huko Uswisi. Kapteni Bretherton anamposa akidhani ana mali. Ukweli unapofichuka, Diana anamkemea kwa kutojua kujikimu kwa jasho lake. Hatimaye wanakutana usiku kando ya mto Thames, katika hali ya ufukara, na Diana anaikubali posa.

Je, huku si kusalimu amri? Yupo atakayesema kwamba sasa wawili hao ni sawa, kwa kuwa wote wameonja njaa. Siafiki. Bretherton ameionja kwa hiari, huku pato lake la pauni 600 kwa mwaka likimngojea. Njaa ya Diana haina mlango wa kutokea. Huenda anampenda kwa dhati, lakini maadamu mkate wake umo ndani ya jibu lake, sisi hadhira hatuna mizani ya kulipimia pendo hilo. Ndiposa nakisoma kitabu cha mwaka uliofuata kama kauli ambayo komedia ilikuwa imeifunika kwa harusi.