Masazo ya Ngano

Shangazi,

Huku Beauce, kusini-magharibi mwa Paris, Julai ni mwezi wa kuvuna ngano. Nchi imelala tambarare, hata minara ya kanisa kuu la Chartres huonekana kwa mbali juu ya mashamba. Jana kombaini zilivuna usiku kucha, taa zikiwaka, kwa kuwa mvua ilitangazwa. Mashine hiyo hukata, hupura na kupepeta papo hapo. Asubuhi nilipita kando ya shamba, nikaokota masuke saba tu.

Nikamkumbuka mchoraji Jean-François Millet. Alizaliwa mwaka 1814 katika familia ya wakulima wa Normandie, na ujanani alifanya kazi za shamba. Mwaka 1849 alihamia Barbizon, kijiji cha kando ya msitu wa Fontainebleau. Mwaka 1853 alionyesha picha ya wavunaji wakipumzika, Boazi mwenye shamba akimleta Ruthu mwokota masazo kwa watu wake. Ni Ruthu huyohuyo unayemsoma kanisani.

Miaka minne baadaye akaonyesha picha nyingine ya waokota masazo, ambayo sasa iko Musée d'Orsay, Paris. Niliitazama kwa muda mrefu. Wanawake watatu wako mbele kabisa, wawili wameinama hadi mikono inagusa ardhi. Mmoja ameweka mkono wa kushoto mgongoni, na mkono huohuo umeshika kicha cha masuke aliyokwisha kuokota. Ni mgongo unaouma, Shangazi. Naujua mkao ule. Nyuma yao, mbali, marundo ya ngano yamejaa, mkokoteni umesheheni, na msimamizi yuko juu ya farasi. Safari hii Boazi hayupo.

Kuokota masazo baada ya mavuno ilikuwa haki ya maskini wa Ufaransa tangu zamani. Hata hivyo, picha iliwakera baadhi ya wakosoaji, maana mapinduzi ya mwaka 1848 yalikuwa bado mabichi vichwani mwao. Maskini walizoea kuchorwa wadogo, pembeni. Millet aliwapa wao nafasi ya mbele, utajiri akausogeza nyuma.

Mbele ya picha ile nilikusikia ukiwakemea vijana kwenye majaruba ya mpunga: "Acheni masazo hayo, yana wenyewe." Nilikuwa mdogo, nikadhani unawazungumzia ndege. Kumbe jioni mama wajane walikuwa wakija na nyungo zao.

Masuke saba nimeyafunga humu. Yaweke ndani ya Biblia, pale kwenye Ruthu.

Mwanao.