Kwa fundi kompyuta, chini ya Kibo

Ukishuka stendi ya Moshi asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajapanda, utaiona Kibo nyeupe juu ya mabati ya maduka. Ikifika saa nne mara nyingi imeshajifunika. Wageni husimama kupiga picha. Wenyeji wanawapita na mabegi yao, na siku hizi katika mabegi mengi kuna laptopu iliyogoma kuwaka.

Mitaa inayozunguka soko la kati ndiko zinakopelekwa. Nje, kwenye vibaraza, wamekaa mafundi simu na meza zao za vioo. Ndani zaidi, kwenye korido nyembamba, ndipo walipo mafundi kompyuta. Chumba ninachokizungumzia hapa kina ukubwa wa jiko la nyumbani. Mlangoni pamebandikwa karatasi: tunapiga Windows, tunatoa virusi, tunabadili kioo, picha za pasipoti, fotokopi. Mzazi asidhani hayo ya mwisho ni ya kujaza karatasi tu. Fotokopi ndiyo inayonunua chakula cha mchana. Laptopu inaweza kukaa wiki mbili ikisubiri spea, lakini mwanafunzi mwenye cheti cha kunakili anakuja kila baada ya dakika tano na shilingi zake mkononi.

Biashara hii ina misimu yake kama kahawa. Oktoba na Novemba vyuo vinafunguliwa. Moshi ina Chuo Kikuu cha Ushirika, ina Mwenge, ina chuo cha tiba pale KCMC, na kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anataka mashine. Desemba watoto wa Kilimanjaro wanarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Mwanza na kwingine, mji unafurika, na pamoja na zawadi za wazee wanaleta kompyuta zao zilizoharibika, kwa kuwa fundi wa nyumbani wanamwamini kuliko wa mjini. Januari kila shilingi inakwenda kwenye ada. Hapo fundi anakaa anafuta vumbi, huku mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo.

Wazazi wa umri wangu tunaweza kusahau kwamba mambo haya ni mapya. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya hesabu za serikali kuvurugika, serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta, televisheni nazo zikiwemo. Kwa hiyo fundi huyu, ambaye ni kijana wa miaka thelathini na kitu, hakuwa na baba wala mjomba wa kumrithisha kazi. Alijifunza kwa kufungua mashine zilizokufa na kuzifunga tena, mpaka siku moja moja ikawaka.

Mashine zenyewe nyingi ni mtumba. Zilitumika maofisini Ulaya, Marekani au Uarabuni, zikauzwa kwa mafungu, zikapita Kariakoo au Nairobi, zikafika Moshi zikiwa zimepanguswa vizuri. Si vibaya kununua mtumba. Nyingi ni imara kuliko mpya za bei hiyo hiyo. Lakini hapa fundi ana neno ambalo kila mzazi anayetafuta laptopu ya mtoto wa chuo angelisikia: uliza jenereshi, yaani prosesa ni ya kizazi cha ngapi. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa utaratibu rasmi inataka, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha 8 kwenda mbele. Za kizazi cha 4, 5 na 6 bado zimejaa madukani. Zinawaka, zinaandika, zinafanya kazi. Kinachokosekana ni viraka vya usalama. Fundi huwawekea wengine Linux, ambayo ni bure na ni nyepesi, ila anakiri wateja wengi huirudisha wakidai Windows kwa kuwa ndiyo waliyoizoea shuleni.

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi lake mama mmoja alipoingia. Alikuwa ametoka Marangu na daladala ya kwanza, kitenge kimelowa umande kwenye pindo. Fundi alisimama.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Nimeletewa na binti, yeye ana mtihani. Anasema inalia.”

Akatoa laptopu iliyofungwa kwenye kanga. Fundi aliiwasha, akasogeza sikio. Ilitoa mlio mdogo, kama mtu anayegonga ukucha mezani. Akaizima palepale.

“Tangu lini inalia hivi?”

“Siku nne. Anaizima, anaiwasha. Ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo imo humo yote.”

“Nakala nyingine ipo, kwenye flashi au kwenye barua pepe?”

Mama alinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye ningejua.

Mlio ule ni wa diski kuu inayokufa. Ndani yake kuna sahani inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na kichwa kidogo kinachoelea juu yake bila kuigusa. Kikianza kugusa, kila mara unapowasha unakwangua zaidi. Kwa hiyo jambo la kufanya ni kuacha kuiwasha, na ndilo gumu kuliko yote kwa mwanafunzi mwenye tarehe ya kuwasilisha kazi. Fundi aliitoa diski, akaiunganisha na mashine yake, akafungua programu inayonakili kwanza sehemu zilizo nzima na kuziacha zilizooza mpaka mwisho. Akamwambia mama kazi hiyo inaweza kuchukua usiku mzima na kwamba hamwahidi kitu.

Akaandika risiti. Siyo tu “laptopu moja nyeusi”. Aliandika namba ya mashine, ukubwa wa ramu, ukubwa wa diski, chaja ipo, begi hakuna. Akaigeuza karatasi ili mama aisome, akangoja aisome kweli.

Hapo ndipo ninapoiona biashara nzima ilipo. Kila mzazi amesikia hadithi ya laptopu iliyokwenda kwa fundi ikiwa na ramu ya GB 8 ikarudi na 4, au betri iliyobadilishwa kwa kuukuu. Mteja hawezi kujua. Kwake ndani ya lile boksi ni giza. Na siyo vipuri tu. Ndani kuna picha za mazishi ya babu, vyeti, majibu ya hospitali, mazungumzo ya watu na wake zao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na ni vizuri ipo, lakini sijawahi kumwona mteja anayeitaja kwenye korido hii. Wanachouliza ni: wewe ni wa wapi? Kibosho, Uru, Machame, Rombo? Ukoo gani? Ukijibu, wameshajua pa kukutafutia. Mama yako anasali kanisa gani, anauza ndizi soko gani, yote yanajulikana kabla ya jioni. Duka kubwa lenye kiyoyozi haliwezi kununua dhamana ya aina hiyo. Na fundi akiivunja mara moja, atatafuta mji mwingine.

Saa tano usiku simu yake ilikuwa bado inaonyesha namba zikipanda polepole. Asubuhi faili nyingi zilikuwa zimetoka, na ripoti ikiwemo. Baadhi ya picha zilifunguka nusu, juu sura za watu na chini rangi ya kijivu. Diski mpya haikuwepo dukani. Alipiga simu Kariakoo, akatuma pesa kwa simu, na kifurushi kikapakiwa kwenye basi la Moshi. Ndivyo spea zinavyosafiri hapa, chini ya viti pamoja na mabegi ya abiria.

Jumamosi alipanda nayo Marangu mwenyewe, kwa kuwa kuna sekondari huko alikuwa na miadi nayo, nami nikaomba kufuatana naye. Ni kilomita kama 40. Mpaka Himo ni tambarare, joto na vumbi. Vumbi hilo ndilo linaloziba feni za kompyuta za mjini mpaka mashine inazimika yenyewe. Njia ya moja kwa moja inakwenda Holili, mpakani na Kenya. Sisi tulikata kushoto, na ndani ya dakika chache dunia ikageuka: migomba, kahawa chini yake, mifereji inayotiririka kando ya njia. Na ugonjwa wa kompyuta ukageuka pia. Juu huku, alinieleza, adui ni unyevu wa masika na sisimizi. Wanapenda joto la mashine. Katika chumba cha kompyuta cha ile sekondari tulifungua moja iliyokaa likizo nzima bila kuwashwa, tukakuta mayai yao meupe yamepangwa juu ya mazabodi, nadhifu kama mchele kwenye ungo.

Nilimuuliza kama amewahi kupandisha kompyuta mlimani. Akacheka. Mwongoza watalii mmoja aliwahi kumuuliza swali hilo hilo. Kile kichwa cha diski kinaelea juu ya hewa, na hewa ikipungua kinashuka. Watengenezaji wengi huandika mwisho wa matumizi kuwa kama mita 3,000. Mandara ni sawa. Horombo, mita 3,720, umeshapita, ingawa tangu Agosti 2022 kuna intaneti ya kasi pale kituoni. Kwa wapandaji diski zisizo na sahani, zile za SSD, hazina shida hiyo. Alikuwa anaeleza haya huku akipangusa sisimizi kwa brashi ya rangi.

Kutoka Marangu ukielekea Mamba unawafikia wahunzi. Huko chuma kimefuliwa kwa vizazi, mikuki na majembe, kwa mivukuto ya ngozi, na baba alimfundisha mwana kwenye makaa yale yale. Tulisimama kidogo. Mzee mmoja alikuwa ananyoosha panga lililopinda. Hakulitupa kwa sababu limepinda. Fundi wangu alimtazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Nyumbani kwa yule mama tulipewa chai na ndizi za kuchemsha. Binti alifungua mashine, akatafuta faili, akalipata, akatoka nje bila kusema neno. Tulimsikia akipiga simu kwa mwenzake chuoni. Mama akafungua fundo la kanga, akahesabu baki ya pesa, noti kwa noti. Fundi akamwonyesha flashi ndogo aliyoiweka kwenye bahasha: “Hii ni nakala, mama. Isikae kwenye begi moja na laptopu.”

Kisha mama akasema alichokuwa amekiweka tangu mwanzo. Ana kijana wa mwisho, amemaliza kidato cha nne, hakuchaguliwa kuendelea. Kihamba cha babu yake kiligawanywa kwa watoto watano, na kipande walichopata ndicho hiki, kutoka mlangoni mpaka kwenye mfereji. Hakitoshi kugawanywa tena. VETA anamtamani aende, lakini ada ya mwaka huu imekwenda kwa dada yake. Je, fundi anaweza kumchukua?

Fundi hakujibu haraka. Chumba chake kinatosha watu wawili wakikaa kiupande. Mwanafunzi wa kazi hula, hupanda daladala, huharibu vioo. Alimwita yule kijana, aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango akisikiliza yote, akamuuliza maswali matatu: anaamka saa ngapi, anaweza kukaa na siri ya mtu, na mwandiko wake ukoje.

“Mwandiko wa nini?” kijana akauliza.

“Wa kuandika risiti. Jumatatu saa moja na nusu. Njoo na daftari.”