Limezima?

Siku niliyolichukua gari, baba alikataa kukaa nyuma. Alifungua mlango wa mbele, akasukuma kiti mpaka kikagota, akafunga mkanda, kisha akainamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayesubiri kuitwa. Nikabonyeza kitufe. Dashibodi ikawaka na kuandika neno moja dogo la Kiingereza, lenye maana ya tayari. Baba akaendelea kusubiri.

"Washa basi, mama."

"Limeshawaka, baba."

Nilipewa jina la mama yake, kwa hiyo tangu utotoni ananiita mama. Akiwa na shaka hulitamka neno hilo polepole sana. "Mama. Gari likiwaka linajulikana."

Nikatoa mguu kwenye breki, gari likaanza kutambaa. Baba akashika mlango kwa mkono wa kulia na goti lake kwa mkono wa kushoto, na tukatoka pale dukani hivyo hivyo, yeye akiwa hana imani na mimi nikiwa na deni la miezi 72.

Gari lenyewe ni Toyota Camry ya mwaka 2025, daraja la LE, lile la chini kabisa, rangi ya kijivu. Lilikuwa na maili 11. Sijawahi kumiliki kitu chochote kilichoanzia kwangu. Nguo zetu kambini Nyarugusu zilikuwa zimevaliwa na wengine, vyombo vilitumiwa na wengine, na gari letu la kwanza hapa Lexington, Kentucky, lilikuwa limepita mikononi mwa watu watatu kabla yetu. Lilikuwa linanguruma, linapiga kelele kwenye kila kona, na mlango mmoja ulifunguka kwa ndani tu. Lilipokufa majira ya baridi, mimi na mume wangu tulipiga hesabu mezani usiku kucha. Yeye anafanya kazi kwenye ghala, mimi nafanya usafi hospitali zamu ya usiku, watoto ni wawili, na baba. Watu watano, viti vitano. Karibu dola 500 kila mwezi kwa miaka sita. Nilijua ndugu zangu waliobaki kambini wangesema nini wakisikia, kwa hiyo mpaka leo picha ya gari hilo sijaituma.

Baba alikuwa dereva. Zamani alikuwa akiendesha lori la mfanyabiashara mmoja wa Uvira, akipeleka chumvi, samaki wakavu na saruji mpaka Bukavu, na kurudi na alichopata. Aliyewahi kupita njia ile anajua Ngomo: mlima uliochongwa barabara nyembamba, ukuta wa mwamba upande mmoja na shimo upande mwingine, lori likipanda kwa gia ya kwanza na kushuka kwa gia ya kwanza. Baba alikuwa haangalii mishale ya dashibodi, maana mingi ilishakufa. Alikuwa anasikiliza. Alijua beringi inayoanza kulia kabla haijalia. Alijua nozeli iliyoziba, alijua breki zilizoanza kuchoka, na utingo wake alikuwa akisema mzee ana daktari ndani ya sikio. Sisi watoto tulikuwa tunajua gari lake likiwa bado mbali, lakini yeye alijua pia magari ya madereva wenzake, moja moja, kwa majina.

Mtu kama huyo ndiye aliyekuwa amekaa kulia kwangu.

Ngoja niseme linavyokwenda. Lina injini ya lita 2.5 yenye silinda nne, na pamoja nayo mota za umeme na betri iliyofichwa chini ya kiti cha nyuma. Camry za siku hizi zinazouzwa Marekani zote ni hivyo. Ya petroli peke yake huipati tena. Ukianza kuondoka taratibu, unaondoka kwa umeme. Ukikanyaga zaidi, injini inaamka na kusaidia. Ukifika kwenye taa nyekundu, injini inalala. Mabadiliko hayo yanafanyika laini kiasi kwamba ukiwa unaongea huyagundui. Usukani ni mwepesi mjini na unakuwa mzito kidogo kwenye barabara kuu, jambo nililolipenda. Viti ni vya kitambaa, vigumu kidogo mwanzoni, lakini baada ya zamu ya saa kumi na mbili mgongo wangu haukulalamika. Ukipita kwenye mashimo gari linameza yale madogo, makubwa linakuambia. Makadirio ya serikali ni maili 51 kwa galoni moja, karibu kilomita 22 kwa lita.

Nilipomtajia baba hesabu hiyo alicheka kwa mara ya kwanza. "Lori letu likipanda Ngomo na mzigo, lita moja ilikuwa inakupeleka mpaka kwenye kona inayofuata."

Kwenye taa za kwanza, injini ikalala. Baba akageuka.

"Limezima?"

"Halijazima, baba. Linapumzika."

Taa zilizofuata: "Limezima?"

Nilimweleza jinsi linavyofanya kazi. Nilimwambia kwamba ukikanyaga breki, mota zinageuka na kuzalisha umeme, na umeme unarudi kwenye betri. Alinisikiliza akiangalia mdomo wangu. Akakaa kimya mpaka tulipoingia New Circle, ile barabara inayouzunguka mji, ndipo akauliza, "Kwa hiyo mteremko unalipa?"

"Unalipa."

Akatikisa kichwa. Maisha yake yote mteremko ndio uliokuwa unakula. Unakula breki, unakula matairi, na mara nyingine ulikula watu. Alitaja madereva wawili waliobaki Ngomo, akataja na mizigo waliyokuwa wamebeba.

Alitaka kuona lilikozaliwa. Hakuniamini nilipomwambia kwamba Camry zinaunganishwa jirani tu, Georgetown, na kwamba kiwanda kile kimekuwa kikizitoa tangu mwaka 1988. Kichwani mwake Toyota inatoka Ujapani kwa meli, kama zilivyokuwa zinafika kwetu. Basi tukashika njia ya kaskazini katikati ya mashamba ya farasi. Wanaoijua sehemu hii wanaijua kwa hayo: nyasi nzuri, ua za mbao zilizopakwa rangi nyeusi, na farasi wenye thamani kuliko nyumba yetu. Nikamwambia gari letu lina nguvu za farasi 225. Akawaangalia wale wa shambani.

"Mia mbili na ishirini na watano," akasema, "na hakuna hata mmoja anayekohoa."

Kiwanda tulikiona kwa barabarani tu. Majengo meupe marefu yasiyoisha, na maegesho yenye magari mengi kuliko niliyowahi kuona mahali pamoja. Baba alishusha kioo, akatoa sikio nje. Nadhani alitarajia kusikia nyundo. Baada ya muda akakipandisha, akasema twende nyumbani.

Nilidhani amechoka.

Nyumbani nilimshusha mbele ya ngazi, watoto wakatoka mbio kuja kuliona gari. Niliwaambia wakae kwenye ngazi mpaka nimalize kuegesha. Nikaanza kurudi nyuma. Sheria ya Marekani inayataka magari ya aina hii yatoe sauti nje yakiwa kwenye mwendo mdogo, ili wasioona wasije wakagongwa. Letu linatoa mlio mwembamba kama wa kwaya iliyoanza kuimba bila kufungua midomo. Watoto waliusikia, mdogo akaanza kuuigiza. Nikaangalia kwenye skrini ya kamera ya nyuma, nikaona kofia ya baba.

Alikuwa ameidondosha na ameinama kuiokota, mgongo wake ukiwa umegeukia gari. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Binti yangu mkubwa alikuwa ameshapiga kelele, "Babu! Babu!" Baba hakugeuka. Aliipangusa kofia, akaivaa, akaenda zake kwenye ngazi, na ndipo alipoona nyuso zetu.

Hakuna aliyeguswa. Kati ya gari na yeye palikuwa na nafasi kama ya hatua mbili. Lakini mikono yangu ilitetemeka nikashindwa kufungua mkanda.

Usiku ule sikuwa na zamu. Watoto walipolala nilimkuta jikoni, chai imepoa mbele yake. Nilikaa upande ambao angeniona usoni, na nilipofanya hivyo nikajua kwamba nimekuwa nikikaa upande huo kwa muda mrefu bila kujiuliza kwa nini. Runinga yenye sauti ya juu, nilisema ni uzee. Kupiga kelele kwenye simu, nilisema ni mtandao wa Kasulu. Gari la zamani lilikuwa na kelele kiasi cha kumsikilizisha hata jiwe. Ndani ya gari lile alikuwa bado dereva: hapo kuna beringi, mama, hapo kuna mkanda unateleza. Alikuwa anapatia kila mara.

"Mama," akasema. "Nikuulize, na unijibu kweli. Ni gari, au ni mimi?"

Nilitaka kumwambia ni gari. Ungekuwa uongo mwepesi, maana nusu yake ni kweli.

"Ni vyote viwili, baba."

Akashusha macho. "Nilijua. Niliposhusha kioo kule kiwandani nilijua."

Kuna kitu lazima nikieleze hapa, la sivyo msomaji ataona ni masikio ya mzee tu. Usiku mmoja wa Oktoba 1996, nikiwa na miaka minane, baba alituamsha. Hapakuwa na mlio wowote tuliousikia sisi. Alikuwa amekaa kitandani, kichwa kikiwa kimeinama upande mmoja, akisema kuna magari yanakuja kutoka bonde la Ruzizi, ni mengi, na si ya biashara, kwa sababu magari ya biashara hayaendi kwa kufuatana hivyo usiku. Jirani yetu alimwambia amwache alale. Sisi tuliondoka kabla hakujapambazuka, kwa miguu, kando ya ziwa kuelekea kusini, mpaka tukapata boti ya kutuvusha Kigoma. Lori aliliacha limeegeshwa, funguo juu ya tairi. Mama yangu, aliyezikwa Nyarugusu, alikuwa akisema tunaishi kwa sababu ya sikio la mtu mmoja.

Sasa sikio hilo lilikuwa limekaa mbele yangu na kikombe cha chai baridi, na mimi ndiye nilikuwa karibu kumgonga mwenyewe kwa gari nililomnunulia nafasi ya mbele.

"Nilikuwa nasikia mpaka mwaka juzi," akasema. "Halafu mambo yakaanza kuondoka moja moja. Ndege kwanza. Halafu maji ya bomba. Sikusema, kwa sababu dereva asiyesikia ni nani?"

Sikuwa na jibu. Nikampashia chai.

Wiki iliyofuata nilimpeleka kwa mtaalamu wa masikio. Wakamfungia kwenye chumba kidogo chenye dirisha, wakamvalisha vifaa kichwani na kumwambia anyoshe mkono kila akisikia sauti. Nilikuwa upande wa pili wa kioo nikitafsiri. Kwa muda mrefu mikono yake ilikaa magotini. Kisha sauti zikashuka, zikawa nzito, za chini, na mkono ukaanza kupanda: mara moja, mara mbili, kila mara. Yule mtaalamu alinieleza kwamba sauti nyembamba ndizo zilizoondoka, na akauliza kama amewahi kufanya kazi penye kelele. Nikamwambia lori, miaka ishirini, vioo wazi. Akaandika. Kwa hiyo kilekile kilichomfundisha kusikia ndicho kilichokuwa kinamla, mteremko ule ule.

Vifaa vya masikio bado tunavisubiri, karatasi zake zinazunguka. Gari lina maili 2,000 na zaidi sasa. Picha yake nitaituma, ila nataka baba awe ndani.

Bado anakaa mbele. Siku hizi haulizi tena. Anaweka kiganja juu ya dashibodi, vidole vimetawanyika, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Jumapili tukitoka kanisani tulisimama kwenye taa, watoto wakigombana nyuma, nami nikifikiria zamu ya usiku. Taa zikawa za kijani, nikakanyaga taratibu.

"Limeamka," baba akasema.

Mimi sikuwa nimesikia kitu. Niliangalia dashibodi, na kweli, injini ilikuwa imeingia.