Hodhi la Kioo na Kazi ya Mto

Mwanadamu akipenda kiumbe, hutaka kukaa nacho nyumba moja. Ndege humtengenezea tundu, na mnyama wa majini humtengenezea hodhi la kioo. Siyalaumu mapenzi hayo, maana nami nimo miongoni mwa walioyatenda. Nataka kueleza deni linalofuatana nayo.

Nilipokuwa nikisomea udaktari wa falsafa Ujerumani, mwenye nyumba niliyopanga alifuga salamanda wawili wa Kichina. Salamanda ni jamaa ya chura mwenye mkia na umbo la mjusi. Wale walikuwa weusi mgongoni, na tumboni wekundu kama kaa la moto. Kusini mwa Sahara hakuna salamanda wa asili. Haikuwa ajabu kwamba nilikosa neno la Kiswahili la kuwaita.

Kilichonishangaza zaidi ni subira ya mzee yule. Hodhi lake lilikaa majuma sita na maji, mchanga na mimea, bila ya mnyama. Alinieleza kwamba uchafu wa mnyama hutoa amonia, nayo ni sumu. Wako bakteria waigeuzao kuwa nitriti, na wengine waigeuzao nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni machache. Lakini huhitaji majuma kadhaa kuzaliana. Maji yake yalikuwa ya baridi, kwa kuwa joto huwadhoofisha salamanda. Kifuniko kilikazwa, kwa kuwa hupanda kioo wakatoroka. Niliyasifu hayo yote, walakini sikuyatia moyoni.

Miaka ilipita. Likizo moja nilikwenda Madibira kwa dada yangu, ambako mto Ndembera hunywesha mashamba ya mpunga. Mpwa wangu alipopata habari za salamanda, aliomba nasi tuwe na hodhi. Tuliunganisha vioo, tukavisugua vikang'aa, tukatia maji safi ya kisima, na jioni ile ile tukamimina viluwiluwi thelathini tuliowateka mferejini. Tuliwapa makombo ya ugali kwa ukarimu mwingi. Siku ya pili maji yaligeuka meupe kama tui. Siku ya nne hakusalia hata mmoja.

"Mjomba," aliniuliza kwa adabu, "mferejini mna matope, nao waliishi. Sisi tumewapa maji safi, wamekufa. Kwa nini?"

Niliona haya. Jibu nililipewa Ujerumani, nami nikalifanya hadithi ya kupitishia wakati.

Swali la mtoto yule lilinikumbusha jambo kubwa lililotokea katika nyanda zetu hizi. Mto Kihansi, ambao nao hushuka kutoka milima ya Udzungwa, ulikuwa na maporomoko yenye manyunyu, na ndani ya manyunyu hayo mliishi chura mdogo wa manjano, asiyezidi sentimita 3, azaaye watoto bila ya kutaga mayai. Alijulikana kwa wataalamu mwaka 1996, na hakuonekana penginepo duniani. Mwaka 2000 bwawa la umeme lilichukua sehemu kubwa ya maji, na manyunyu yakapungua. Vyura 499 walipelekwa Marekani, katika bustani ya wanyama ya Bronx. Wengi walikufa kabla walezi hawajajua namna ya kuwatunza. Korongoni wenzao walipungua ghafula mwaka 2003, na ugonjwa wa kuvu ukagunduliwa kwao. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka porini. Lakini walezi wa Bronx na Toledo walikwisha kujifunza, na vyura wakaongezeka. Mwaka 2010 vyura 100 walirejeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 kazi ya kuwarudisha korongoni ikaanza, mahali ambapo mabomba yalikwisha kuwekwa ili kunyunyiza maji.

Mto ulifanya kazi hiyo bila ya ujira. Sisi tulipouondoa, ilitulazimu kuifanya wenyewe, kwa fedha, elimu na miaka mingi. Amwondoaye kiumbe katika maji yake amejitwika kazi ya mto.

Nilimwambia mpwa wangu kweli: kosa lilikuwa langu. Tulilijaza hodhi upya, tukatia matope na majani ya mferejini, tukangoja majuma sita. Safari hii tulichukua viluwiluwi watano tu. Walipoota miguu yote minne, mtoto aliwabeba ndooni hadi mferejini, akawaachia, wala hakuniomba tumbakize hata mmoja.