Kiwavi Anayekaa Nyumbani kwa Buibui

Katikati ya Bahari ya Pasifiki, mbali na kila bara, viko visiwa vya Hawaii, vilivyotoka majini kwa nguvu ya milima ya moto. Kimojawapo ni Oahu. Upande wake wa magharibi imesimama milima ya Waianae, na katika msitu wa huko yumo nondo mdogo, yaani kipepeo cha usiku, asiyeonekana mahali pengine po pote duniani.

Wasomaji wapenzi, viwavi tunawajua: wao hula majani, na katika nchi yetu watu wengi huwala kwa bukari. Kiwavi wa nondo huyu hana haja na majani. Yeye hula nyama. Hukaa katika utando wa buibui, ndani ya magogo, mashimo ya miti na nyufa za miamba, akila wadudu walionaswa humo.

Mbona basi buibui hamli? Kiwavi hujifumia mfuko wa hariri, akabandika juu yake mabaki ya wadudu: kichwa cha sisimizi, bawa la nzi, hata ngozi aliyoivua buibui mwenyewe. Kila kipande hukigeuza na kukipima kwanza. Kikiwa kikubwa mno, hukitafuna hata kitoshe. Takataka nyingine huzikataa. Wataalamu hudhani kwamba vazi hilo humficha machoni pa mwenye nyumba.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Hawaii walitangaza habari zake mwaka 2025. Kwa muda wa miaka zaidi ya 20 walikuwa wamepata viwavi 62 tu, wote katika eneo la kilometa 15 za mraba.

Tena ukoo wake wakadiriwa kuwa na miaka milioni 6 au zaidi, na Oahu yenyewe haizidi milioni 4 hivi. Maana yake, wazee wake walikaa kwanza katika kisiwa cha kale zaidi, kisha wakahamia hapa.

Leo msitu wake umebaki vipande vipande, na wadudu wageni wanaenea. Zamani Hawaii haikuwa na sisimizi hata mmoja. Wote waliletwa na watu. Kiwavi amejifunza kuvaa vichwa vya wageni hao na kupanga katika nyumba za buibui wageni. Lakini bila msitu hawezi kuishi, na safari hii hakuna kisiwa kingine kinachomngoja. Asipolindwa pale alipo, ukoo wake utakwisha pamoja naye.